Fedha Juu ya Utando wa Plastiki: Jinsi Metali Inavyooteshwa kwa Vipimo vya Nanomita

Ukiivukiza dhahabu ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, kisha ukauacha mvuke wake utue juu ya kipande laini cha plastiki, huenda ukatarajia kwamba dhahabu hiyo itatandaa sawasawa na kuifunika plastiki yote. Haifanyi hivyo. Atomi zake hukusanyika katika vilima vidogo vidogo, kila kimoja kikiwa na upana wa nanomita chache tu, na kati ya kilima na kilima plastiki hubaki wazi. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita, na unywele mmoja wa mtu una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kwa mtu anayetaka kupaka metali juu ya plastiki, tabia hii ni kero. Kwa watafiti wa miaka ya karibuni imekuwa ndiyo njia yenyewe ya kuotesha nyuzi, nukta na nguzo za metali ambazo hakuna chombo cha mkono kingeweza kuzichonga.

Nilipolieleza jambo hili kwa wanafunzi wa kidato cha sita hapa Tanga, mmoja aliuliza swali ambalo nimeliona kuwa ndilo kiini cha somo zima: "Mwalimu, sasa hiyo mistari nani anaichora?" Jibu fupi ni kwamba plastiki hujichora yenyewe kwanza, na metali huufuata mchoro baadaye. Jibu kamili linahitaji subira kidogo, kwa sababu metali haiufuati mchoro kwa kulazimishwa. Kiolezo cha polima, yaani plastiki hiyo iliyokwisha kujichora, huipa kila atomi upendeleo mdogo tu wa upande mmoja dhidi ya mwingine, na kazi kubwa ya fundi ni kuisimamisha safari ya atomi hizo zikiwa zimeshajipanga lakini hazijapata nafasi ya kuuvuruga mpango.

Tuanze na sababu ya vilima. Kila uso wa kitu una gharama yake ya nishati, kwa maana atomi zilizo juu hukosa majirani wa upande mmoja na hivyo hazijatulia kama zile zilizo ndani. Kwa dhahabu gharama hiyo ni takriban jouli 1.5 kwa kila mita ya mraba ya uso. Kwa plastiki ya kawaida kama polistirini ni takriban jouli 0.04, yaani chini ya sehemu moja ya thelathini. Metali inapotua juu ya plastiki, ingelazimika kuufunika uso wa bei rahisi kwa uso wa bei ghali, na maumbile hayafanyi biashara hiyo kwa hiari. Atomi hujikunja pamoja ili uso ulio wazi uwe mdogo kadiri inavyowezekana, vile vile umande wa alfajiri unavyokusanyika kuwa matone ya mviringo juu ya jani la myugwa badala ya kulilowesha. Wanafizikia huuita ukuaji wa namna hii kwa majina ya Volmer na Weber, wanasayansi wa Ujerumani waliochunguza jinsi viini vya kwanza vya kitu kipya vinavyozaliwa.

Hata hivyo matone ya metali hayazaliwi yakiwa yamekamilika. Atomi moja ya dhahabu inapogonga utando wa polima hutua mahali popote, kisha hutangatanga juu ya uso. Ikikutana na nyingine, zinaweza kushikana na kuwa kiini. Ikikutana na kiini kilichokwisha kuwepo, hujiunga nacho. Ikiwa polima ina joto na imelainika, atomi inaweza pia kuzama ndani na kupotea kabisa machoni pa fundi. Kadiri mvuke unavyoendelea kutua, viini huwa visiwa, visiwa hukua hadi kugusana, vinavyogusana huungana na kuwa vipande virefu vyenye umbo lisilo na mpangilio, na hatimaye vipande hivyo hukutana kutoka ukingo mmoja wa sampuli hadi mwingine. Hapo ndipo umeme unapoanza kupita kwa urahisi. Ukiongeza tena, mianya iliyobaki huzibwa na unapata ngozi kamili ya metali. Kwa hiyo kiasi kile kile cha metali kinaweza kuwa nukta, mtandao au ngozi, kutegemea mahali uliposimamisha safari na joto lililokuwepo wakati huo.

Hatua hizi zinaweza kuonekana hata bila mitambo ya gharama. Wanafunzi wanaofanya kipimo cha Tollens kwa glukosi huchanganya nitrati ya fedha na amonia ndani ya neli safi ya kioo, wakaongeza glukosi na kuitia neli katika maji ya moto. Anayekazia macho mchanganyiko badala ya kusubiri kioo cha kujitazamia ataona kwamba maji angavu hupita kwanza katika rangi ya manjano, kisha hudhurungi iliyokolea, na ndipo ukuta wa neli unaanza kung'aa. Ile manjano ni ya fedha halisi iliyo katika chembe za nanomita chache. Elektroni za chembe ndogo kama hiyo hutikisika pamoja zinapopigwa na mwanga, na kwa fedha mtikisiko huo humeza mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 400, yaani urujuani na buluu, hivyo kinachobaki kutufikia ni manjano. Dhahabu humeza mwanga wa karibu nanomita 520, ambao ni wa kijani, na kwa sababu hiyo chembe zake huonekana nyekundu. Michael Faraday aliuchunguza wekundu huo London na kutoa maelezo yake mwaka 1857, akiuhusisha na udogo wa chembe muda mrefu kabla ya kuwepo hadubini ya kuzionyesha. (Mchanganyiko wa Tollens usiwekwe akiba hata kidogo, ukikaa hutengeneza masalio yanayoweza kulipuka, na mwalimu anapaswa kuhakikisha umemwagwa na neli zimesafishwa kabla ya kengele ya kipindi kulia.)

Kwa kuwa unene wa metali ndio uamuzi wenyewe, watafiti huupima kwa fuwele ya kwatzi inayotetema mamilioni ya mara kwa sekunde karibu na sampuli. Metali inapotua juu yake, uzito huongezeka na mtetemo hupungua kasi, na tofauti hiyo hubadilishwa kuwa unene wa wastani. Nanomita 1 ya dhahabu juu ya sentimita 1 ya mraba ina uzito wa takriban mikrogramu 2. Kwa hesabu hiyo gramu moja ya dhahabu ingetosha kutanda juu ya mita 50 za mraba hivi, kama ingekubali kutanda. Watu hudhani kwamba utafiti huu unakula dhahabu nyingi. Kinachogharimu hasa ni ombwe, umeme na hadubini.

Sasa tuje kwenye plastiki, maana ndiye mchoraji. Polima ni molekuli ndefu iliyoungwa kwa kurudiarudia kipande kimoja. Uzi wa mkonge unaosokotwa katika viwanda vya mkoa huu sehemu yake kubwa ni selulozi, ambayo ni polima ya glukosi. Maboksi meupe ya povu ambamo wachuuzi wa samaki hutia barafu ni polistirini. Ukichanganya polistirini na polima nyingine ya jamii tofauti, kwa kawaida hazikubaliani na kila moja hujitenga upande wake. Wanakemia wakapata wazo la kuzifunga kwa nguvu: nusu ya mnyororo iwe polistirini, nusu ya pili iwe polima nyingine, na katikati ziunganishwe kwa bondi ya kikemia isiyoachia. Mnyororo kama huo huitwa kopolima ya vipande. Pande mbili zinataka kutengana na haziwezi kwenda mbali kuliko urefu wa mnyororo wenyewe, kwa hiyo hutengana hapo hapo zilipo, kwa umbali wa nanomita 10 hadi 100, na kujaza utando mzima kwa mpangilio unaojirudia.

Umbo la mpangilio huo hutegemea uwiano wa vipande. Vikilingana, unapata matabaka yanayopishana. Kimoja kikipungua hadi karibu theluthi, hujikunja kuwa nguzo nyembamba zilizozungukwa na kingine. Kikipungua zaidi, huwa vidonge vya duara. Mwaka 1980 Ludwik Leibler alionyesha kwa hesabu kwamba kwa mnyororo wenye vipande sawa utengano huanza pale ambapo kiwango cha kutopatana kwa polima mbili, kikizidishwa kwa urefu wa mnyororo, kinafikia takriban 10.5. Hesabu hiyo ina maana kubwa kwa fundi. Minyororo mifupi hutoa mchoro mdogo zaidi, lakini ikifupishwa kupita kiasi polima mbili hupatana na mchoro wote hufutika. Anayetaka mistari myembamba zaidi hana budi kutafuta polima zinazochukiana zaidi.

Kutengeneza utando wenyewe si kazi ngumu ukilinganisha na yanayofuata. Kopolima huyeyushwa katika kimiminika kama tolueni, tone lake huwekwa juu ya kisahani cha silikoni, na kisahani huzungushwa maelfu ya mara kwa dakika hadi kibaki kikiwa kimefunikwa kwa utando wa unene wa makumi ya nanomita. Kisha utando hupashwa joto juu ya nyuzi 100 za Selsiasi, ambapo polistirini hulainika na minyororo hupata nafasi ya kujongea na kujipanga. Ugumu uko katika mwelekeo. Kipande kimoja cha kopolima kwa kawaida hupenda kisahani kuliko kingine, au hupenda hewa, na hapo matabaka hulala chali badala ya kusimama, jambo ambalo halimsaidii mtu anayetaka mistari inayoonekana kutoka juu. Dawa iliyozoeleka ni kukipaka kisahani kwanza minyororo mifupi yenye mchanganyiko holela wa polima zote mbili, ili kisipendelee upande wowote.

Kazi ambayo kwangu ndiyo inayofundisha zaidi ilichapishwa mwaka 2001 katika jarida la Nature na Ward Lopes na Heinrich Jaeger wa Chuo Kikuu cha Chicago. Walitumia utando mwembamba sana wa kopolima ya polistirini na polimethilimethakrileti, ambayo kwa kifupi huitwa PMMA na ndiyo ile plastiki angavu inayotumika badala ya vioo. Utando ulijichora mistari inayopishana ya polima hizo mbili. Wakauvukizia metali juu yake, na metali ikachagua: atomi zilizotangatanga zilijikusanya juu ya mistari ya polistirini na kuiacha ile ya PMMA. Hakuna aliyeziongoza kwa mkono wala kwa mwanga. Mpangilio wa kwanza, ule wa plastiki, uliongoza mpangilio wa pili, ule wa metali.

Ila dhahabu na fedha hazikufanana. Dhahabu ilitokea kama mnyororo wa chembe zilizofuatana juu ya mstari, kila moja ikiwa imejitenga na jirani yake kwa mwanya mdogo, na umeme ulilazimika kuruka kutoka chembe hadi chembe. Fedha iliweza kuungana na kuwa waya mfululizo, na tabia yake ya kupitisha umeme ilikuwa tofauti kabisa. Metali mbili ambazo katika jedwali la elementi zimepangwa katika safu moja, juu ya kiolezo cha aina moja, zilitoa vifaa viwili visivyofanana.

Kilichowashangaza wengi ni sharti la mafanikio. Katika fuwele nyingi mpangilio mzuri hupatikana kwa kuvipa vitu muda na joto hadi vifikie utulivu wa mwisho; ndivyo chumvi inavyopata punje kubwa safi katika mashamba ya chumvi ya pwani yetu, ambako maji huachwa yakauke polepole. Lopes na Jaeger walikuta kwamba metali hujipanga vizuri zaidi juu ya kopolima ikiwa mbali na utulivu huo. Hili halieleweki mpaka ukumbuke hesabu ya nishati tuliyoanza nayo. Tofauti kati ya kukaa juu ya polistirini na kukaa juu ya PMMA ni ndogo, ilhali faida ya metali kujikunja pamoja na kupunguza uso wake ni kubwa mno. Chembe ya dhahabu yenye kipenyo cha nanomita 3 ina atomi zisizofika 1,000. Yenye kipenyo cha nanomita 10 ina takriban 31,000. Chembe zikiwa bado changa, ule upendeleo mdogo wa kiolezo unatosha kuamua wapi ziwe. Zikipewa joto na muda mwingi huungana, hunenepa kuliko upana wa mstari, na hufika mahali ambapo mstari ulio chini yake hauna uzito wowote katika uamuzi. Utulivu wa mwisho wa metali juu ya plastiki ni bonge moja. Kila waya mzuri wa fedha uliopigwa picha katika utafiti huu ni safari iliyokatizwa kwa makusudi, na ubora wa fundi hupimwa kwa kujua wapi pa kuikatiza.

Hapa pana jambo linalopotoshwa mara nyingi. Maelezo mepesi husema kwamba vitu vya nano "hujijenga vyenyewe", na msikilizaji akabaki na picha ya kazi isiyo na mfanyakazi. Plastiki hujipanga yenyewe, ndiyo, kwa sababu mpangilio wake ndio utulivu wake. Metali inahitaji kuangaliwa kila dakika: kasi ya mvuke, joto la utando, unene wa wastani, muda wa kupasha baada ya hapo. Kosa dogo katika kimojawapo linarudisha vilima visivyo na mpangilio.

Njia ya pili inaiepuka mivutano hii kwa kuipa metali kuta. Mwaka 1997 watafiti wa Princeton walionyesha kwamba utando wa kopolima unaweza kutumika kama kichujio cha kuchongea matundu katika kisahani, takriban bilioni 100 katika sentimita moja ya mraba. Miaka mitatu baadaye kundi lililohusisha maabara ya Thomas Russell katika Chuo Kikuu cha Massachusetts lilichapisha katika jarida la Science namna ya kupata nguzo za metali moja kwa moja. Walichukua utando ambamo PMMA iko katika umbo la nguzo ndani ya polistirini, wakazisimamisha nguzo hizo kwa nguvu ya uga wa umeme, kisha wakaumulika utando kwa mwanga wa urujuanimno. Mwanga huo hufanya kazi mbili kwa pamoja: huikatakata PMMA na huishonanisha polistirini iwe ngumu zaidi. Baada ya kuosha kwa asidi ya asetiki, ile iliyomo katika siki, PMMA iliondoka na yakabaki matundu yaliyonyooka hadi chini, penye sakafu inayopitisha umeme.

Kuyajaza matundu hayo ni elektrolisisi ya kidato, ila kwa kipimo kidogo mno. Sakafu hufanywa kathodi, yaani ncha hasi, utando huchovywa katika myeyusho wa chumvi ya shaba au kobalti, na metali huanza kujengeka kutoka chini kwenda juu kwa sababu chini ndiko kuliko na elektroni. Kuta za polistirini hazipitishi umeme, kwa hiyo metali haina mahali pa kukulia isipokuwa ndani ya tundu. Kundi hilo lilipata zaidi ya nguzo bilioni 190 katika sentimita moja ya mraba, eneo la ukucha wa kidole, jambo ambalo kwa mpangilio wa pembe sita lina maana ya umbali wa takriban nanomita 25 kutoka kitovu cha nguzo moja hadi kingine. Tatizo lake ni maji kukataa kuingia katika matundu membamba hivyo. Utando usipoloweshwa vizuri, baadhi ya matundu hujaa na mengine hubaki matupu. Na fundi akichelewa kukata mkondo, nguzo hufurika juu ya matundu na kujitengenezea vichwa vya mviringo ambavyo huungana na kuziba kila kitu. Hata penye kuta, metali ikipata nafasi hurudia tabia yake.

Ipo pia njia ya kikemia, ambayo nitaipitia kwa haraka. Kipande kimoja cha kopolima huwa na nitrojeni inayoweza kushika ayoni za metali, kama ilivyo katika polivinilipiridini. Chumvi ya dhahabu huingizwa katika vidonge vya kipande hicho, utando hutandazwa, na plazima ya oksijeni, yaani gesi iliyochajiwa umeme, huichoma polima yote na kuiacha dhahabu ikiwa nukta zilizopangwa kwa umbali ambao minyororo ilikuwa imeuamua. Joachim Spatz na Martin Möller ni miongoni mwa walioiendeleza njia hii nchini Ujerumani, na wanabiolojia wameitumia kuchunguza jinsi seli hai inavyohisi umbali kati ya nukta inazoshikilia.

Kuyaona haya yote, hadubini ya mwanga haifai, kwa kuwa mwanga wenyewe una urefu wa wimbi wa nanomita mia kadhaa. Hutumika hadubini ya elektroni, au ile ya sindano inayopapasa uso. Kwa anayetaka kuitazama metali ikiwa bado inakua, katika vituo vya utafiti kama DESY cha Hamburg, Ujerumani, miale ya eksirei hupigwa karibu sambamba na uso wa utando wakati atomi zinaendelea kutua, na jinsi miale inavyotawanyika hueleza ukubwa wa visiwa na umbali kati yake sekunde baada ya sekunde. Ni kwa vipimo vya aina hii ndipo hatua za visiwa, muungano na ngozi kamili zilivyofuatiliwa bila kuusimamisha mchakato.

Juu ya faida, nadhani haki ni kutenganisha matumaini na yaliyofikiwa. Ilitarajiwa kwamba nguzo za kobalti zingekuwa hifadhi ya data yenye msongamano mkubwa, na kwamba kopolima zingechora saketi za kompyuta. Kikwazo ni dosari: mstari mmoja uliopinda au kukatika kati ya mamilioni hauharibu jaribio la maabara, lakini huharibu kifaa cha kompyuta, na viwanda vimeendelea kutegemea zaidi kuchora kwa mwanga, sasa ukiwa wa wimbi la nanomita 13.5. Penye uvumilivu wa dosari ndipo metali juu ya polima inapong'aa. Mfano ulio karibu na mahitaji yetu ni utambuzi wa kemikali kwa mtawanyiko wa Raman, uliogunduliwa na C. V. Raman nchini India mwaka 1928. Kila molekuli hutawanya mwanga kwa saini yake, lakini saini hiyo ni hafifu sana. Mwaka 1974 Fleischmann, Hendra na McQuillan wa Southampton walipata saini yenye nguvu isiyotarajiwa kutoka kwa piridini iliyokuwa juu ya fedha yenye uso uliokwaruzwa. Ilikuja kufahamika kwamba katika mwanya wa nanomita chache kati ya chembe mbili za fedha au dhahabu mwanga hukusanyika na kukuza saini ya molekuli iliyonaswa humo. Ule mnyororo wa chembe za dhahabu, ambao kwa mtengeneza waya ni kushindwa, una mianya ya aina hiyo hiyo, tena iliyopangwa mstari. Kipimo cha mabaki ya dawa za kuulia wadudu katika mboga au maji ya kisima hakijali kama mstari mmoja katika elfu umepinda.

Mtu wa Tanga atauliza ni nini katika haya kinachoweza kufanyika hapa, na naliona swali hilo kuwa halali kabisa. Mtambo wa ombwe haupo katika maabara ya sekondari. Kuna hata hivyo kiolezo cha polima ambacho hewa yetu ya pwani hukisaidia badala ya kukiharibu. Mwaka 1994 Widawski, Rawiso na François walieleza katika jarida la Nature kwamba myeyusho wa polistirini ukiachwa ukauke katika hewa yenye unyevu huacha utando wenye matundu yaliyopangwa kwa pembe sita. Kimiminika kinapovukiza kwa kasi hupoza uso wa myeyusho. Mvuke wa maji ulio hewani hugeuka matone madogo juu yake. Matone hayachanganyiki na myeyusho wala hayaungani kwa urahisi, bali husongamana kwa mpangilio. Polima hukauka ikiyazunguka, na mwisho maji nayo huondoka na kuacha nafasi zao. Unyevu wa hewa ukiwa chini ya nusu ya kiwango ambacho hewa inaweza kubeba, mara nyingi matundu hayatokei. Hapa, asubuhi nyingi, sharti hilo hutimia bila mtambo wowote.

Matundu hayo ni makubwa kuliko ya kopolima, kwa kawaida mikromita chache, yaani nanomita elfu kadhaa, na polistirini ya mnyororo wa kawaida hutoa mpangilio uliolegea kuliko ile yenye matawi waliyoitumia watafiti wale. Klorofomu ndicho kimiminika kinachotumika zaidi, na mvuke wake una madhara, kwa hiyo kazi ifanyike katika kabati lenye feni ya kuvuta hewa na chini ya usimamizi wa mwalimu. Baada ya hapo utando unaweza kutiwa fedha kwa mmenyuko ule ule wa Tollens, ukitanguliwa na kuoshwa kwa kloridi ya bati ili ayoni za bati zikae juu ya plastiki na kuwa mahali pa kwanza pa fedha kushika. Bila hatua hiyo fedha nyingi huishia katika kimiminika, kwa sababu ile ile ya nishati ya uso.

Kujua kama kiolezo kimetokea hakuhitaji hadubini ya elektroni. Utando ukishikiliwa mbele ya mwali wa leza nyekundu ya kalamu, ya nanomita 650, ukuta ulio umbali wa mita 1 utapokea doa la katikati na pete kulizunguka. Matundu yakiwa yamepishana kwa mikromita 3 kutoka kitovu hadi kitovu, pete hiyo itakuwa na nusu kipenyo cha sentimita 26 hivi. Yakiwa karibu zaidi, pete hupanuka. Ikiwa badala ya pete yatatokea madoa sita, maana yake mpangilio umeshikamana katika eneo lote ambalo mwali umeligusa, na hapo utando unafaa kutiwa fedha.